Mwaka wa Kumdakia Nasser

Neno lenyewe lilikuwa "kidogo". Nimekuwa nikilifikiria tangu Ijumaa iliyopita, siku aliyofunga ndoa binamu yangu Nasser katika ukumbi wa msikiti huko Azaiba, hapa Muscat, na mpaka sasa sijalimaliza. Khutba ilikuwa imekwisha, watu wameanza kuisogelea halwa, na bwana harusi amesimama karibu na mlango katika joho lake jeusi akipokea mikono. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akamshika mkono asimwachie. "Wewe ndiye yule kijana uliyekuwa ukicheza mpira Marekani?" Nasser akacheka. "Nilicheza kidogo, ami." Mzee akasema mashaallah, akaenda zake kutafuta kahawa. Mimi nilikuwa nyuma yao, na kikombe changu mkononi, nikabaki nimekitazama. Mwengine angelisikia neno hilo likampita. Mimi nimemaliza chuo, nasubiri kazi, na kwenye usaili wa mwisho waliponiuliza kama ni mtu wa kuamua haraka nilijibu kwamba inategemea, kisha nikaeleza inategemea nini, mpaka mmoja wao akatazama saa. Kwa hiyo nimekaa na hilo "kidogo" wiki nzima, nikijiuliza kama Nasser alilisema kwa adabu tu, au kwa sababu hivyo ndivyo mambo yale yote yamebaki kwake. Maana mimi nilikuwepo, na halikuwa jambo dogo.

Nasser alisoma skuli huko Marekani, akaingia chuo kimoja huko huko, na katika chuo hicho akawa kwotabeki wa timu ya futboli yao, ile ya mpira wenye umbo la yai. Kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira kwanza. Kabla ya mchezo kuanza yeye ndiye anayewapangia wenzake nani akimbilie wapi, na mpira ukishafika mikononi ana muda kama wa kupiga chafya kuamua amrushie nani, huku majitu yakimjia kumwangusha. Mara nyingi analazimika kurusha kabla mwenzake hajageuka, aurushe mahali patupu akiamini kwamba mtu atafika. Kwangu mimi hakuna kazi ya kutisha zaidi duniani. Msimu mmoja tu alicheza kama mtu wa kwanza katika nafasi hiyo, na picha yake wakaibandika ukutani kwenye chumba cha kulia cha chuo. Kisha katika mechi moja walimwangukia watu wawili juu ya bega la kulia. Akapasuliwa, akapewa ruhusa ya mwaka mmoja, akarudi Muscat.

Hakwenda kukaa kwa mama yake Azaiba. Alikuja kwetu Al Khoudh, akakaa katika majlis yetu, chumba cha kupokelea wageni, kwa sababu nyuma ya nyumba yetu pana kiwanja kitupu na kwa sababu, nadhani, mama yake alikuwa akilitazama lile bega kila anapopita. Chumba kile ninakijua vizuri. Matakia yamepangwa kuzunguka kuta tatu, dirisha lenye nondo, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Nasser alifunga mipira myembamba ya kunyoosha kwenye zile nondo, rangi ya kijani, nyekundu na buluu, na kila siku alasiri alikuwa akiivuta polepole, uso umekunjika, huku akihesabu kwa Kiingereza. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na ubani kwa pamoja. Wageni wa baba walipokuja tulikuwa tunaikusanya mipira ile nyuma ya pazia, na mgeni mmoja aliwahi kuegemea pale akaruka, akidhani ameguswa na nyoka.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea kompyuta, na kazi yangu katika habari hii ilikuwa kudaka. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tunatoka kiwanjani, yeye upande huu, mimi upande ule, vumbi limelala na majumba meupe ya jirani yameanza kuwa na rangi ya machungwa. Alinifundisha kukimbia hatua kadhaa, kuvunja njia kwa ghafla, yaani kukata upande, na kugeuza kichwa. Lakini mimi nilikuwa namjua kabla ya bega. Kiangazi kilichotangulia, alipokuja likizo, alinirushia mipira michache pale pale, na ule mpira ulikuwa unakuja kwa mvumo, ukiguna hewani, na ukifika unanichoma vidole mpaka usiku siwezi kushika kijiko sawasawa. Sasa haukuwa ukivuma. Ulikuja vizuri, umenyooka, unapendeza kuutazama, na ulipofika mikono yangu haikuuma. Wiki za kwanza nilijiambia bado mapema. Baadaye nikajiambia labda mikono yangu imekuwa migumu. Nikatafuta habari za mabega, nikasoma mpaka macho yakaniuma, na kila nilichosoma kilisema inategemea.

Kulikuwa na jambo moja lililokuwa likingojewa, na sote tulilijua. Kocha wake alikuwa amemwambia ampelekee video kabla ya mazoezi yao ya majira ya baridi kwisha, imwonyeshe akiwarushia watu wanaokimbia na wenye wapinzani mbele yao. Akiridhika, nafasi yake ipo. Asiporidhika, nafasi inakwenda kwa kijana mwengine ambaye tayari alikuwa akiizoea. Nasser hakulizungumzia sana. Alikuwa anasema tu "nikirudi," katikati ya maneno mengine, kama mtu anayesema "nikimaliza chai."

Mama yake, ambaye ni khaloo yangu, dada wa mama, Khaloo Zuwena, alikuwa anakuja kwetu kila Ijumaa na masufuria yake ndani ya gari, kwa sababu hakuamini kwamba nyumba yetu inajua kupika. Ijumaa moja alinikuta jikoni natafuta maji ya baridi. Alikuwa anakuna nazi, ameikalia mbuzi yake aliyotoka nayo Azaiba, mashine ya kusagia ikiwa imekaa pale juu kabatini.

"Khalfani mwanangu, hebu funga huo mlango. Nna suala."

"Naam, khaloo."

"Wewe ndo unomdakia huyu kila siku. Mkono wake umepona haukupona?"

"Unaendelea vizuri, inshallah."

"Skukuuliza unaendeleaje. Umepona, haukupona?"

Nikaanza kumweleza kwamba bega si kama mguu, kwamba kuna nguvu na kuna wepesi, na kwamba vitu viwili hivyo havirudi pamoja. Akaacha kukuna. "Mama yako alikula nini alipokuwa na mimba yako?" akaniuliza. Kisha akainama tena juu ya nazi, akasema kwa sauti ya chini, kama hanambii mimi, "Mimi namwomba Mungu amponye mkono wa kushikia kalamu na wa kubebea watoto wake. Wa kutupia mpira asimponye. Mama gani anomwombea mwanawe hivo? Lakini akipona ataondoka, na wale watu watamvunja tena." Akanipa kipande cha nazi nile, kama nilipokuwa mdogo, na mazungumzo yakaisha. Nilitoka pale na kipande kile mdomoni nikijua sasa kuna watu wawili wanaongoja jibu moja kutoka kwangu, na wanataka majibu tofauti, na mimi nilicho nacho ni vidole visivyouma.

Kwa ajili ya video Nasser alikusanya timu. Tulikuwa vijana wa chuo na wa familia, wote wa nyumba zinazosema Kiswahili, na mkubwa wa maneno kati yetu alikuwa Said, rafiki yangu wa darasani, mnene, mwepesi kuliko anavyoonekana. Tulicheza siku za Ijumaa jioni kwenye uwanja wa nyasi bandia huko Azaiba, dhidi ya kundi la watu wazima wa kila taifa, walimu na wahandisi, waliokuwa wakicheza kwa ajili ya kupunguza matumbo. Hapakuwa na kuangushana. Kila mtu alifungwa vitambaa viwili kiunoni, na ukinyofolewa kimoja umekamatwa. Hilo lilimtuliza Khaloo kidogo. Alikuja mara moja, akakaa ndani ya gari na kiyoyozi, akaondoka akisema ni watu wazima wanavuana nguo.

Fikra ya Kiswahili ilikuwa ya Nasser. Huko Marekani timu hukusanyika duara kabla ya kila mchezo, kwotabeki akanong'ona mpango. Yeye akasema sisi hatuna haja. "Tutasema wazi wazi, yakhe. Nani atatufahamu?" Basi akawa anasimama nyuma ya mpira na kupiga kelele mbele ya uso wa wapinzani: "Said, nenda mbele kisha kata kulia! Khalfani, jifanye umechoka, halafu toka mbio nyuma ya huyu mwenye ndevu!" Yule mwenye ndevu anatabasamu, hajui kwamba ni yeye. Tuliwatesa. Wiki baada ya wiki walikuwa wakigeuka huku sisi tuko kule. Said alikuwa anatia na matusi madogo madogo ya nyumbani, na tunacheka mpaka tunashindwa kukimbia. Simu yangu ilisimama juu ya kigoda chake kando ya uwanja ikirekodi yote, na nyumbani nikawa nakata vipande na kuviunga. Ilikuwa video nzuri. Kila mrusho unafika, kila mtu anadaka. Ilinichukua muda, nami nimezitazama picha zile mara nyingi kuliko nilivyotazama vitabu vyangu mwaka ule, kuona kilichokuwa kikinisumbua. Hapakuwa na mtu karibu na mdakaji. Hata mara moja. Mpira ungeweza kusimama njiani ukanywa chai, ungemkuta bado anausubiri peke yake.

Hili la kusema Kiswahili mbele ya watu kana kwamba tumefunga mlango ni tabia yetu. Mama yangu aliwahi kumsema mwenye duka la matunda kule sokoni Mawaleh, maembe yake na tumbo lake, na yule bwana akamfungia mfuko akamwambia, "Karibu tena, bibi, na tumbo langu linakusalimu." Mji huu umejaa watu waliotoka kule pwani ya Waswahili walikotoka wazee wetu, na waliotoka mbali zaidi ya pale. Tunalijua hilo sote. Tunalisahau kila siku.

Mwanzoni mwa Januari wale wapinzani walileta mtu mpya, Hilal, mrefu, mkimya, anasalimia kwa Kiarabu cha hapa hapa. Mrusho wa kwanza wa Nasser aliudaka yeye. Wa pili akaupiga kofi ukaanguka. Nasser akapiga kelele Said akate kushoto, na Hilal akawa ameshafika kushoto kabla ya Said.

"Huyu ana jini," Said akasema, akihema. "Wallahi huyu si bure."

"Mwambie mwenzako asikutume tena upande ule," Hilal akamjibu, kwa Kiswahili kizuri cha bara. "Utakufa bure, ndugu yangu. Umeshachoka."

Uwanja mzima ulisimama. Said akamsogelea. "We unasema Kiswahili? Na umenyamaza muda wote huu?"

"Nimezaliwa Bujumbura. Mlikuwa mnaongea vizuri, sikupenda kuwakatiza."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hilal naye alicheka, na tulipowatafsiria wenzake yale ya wiki zilizopita, yule mwenye ndevu alimfukuza Said nusu ya uwanja. Ingeweza kuishia hapo, hadithi ya kusimulia kwenye harusi. Lakini Nasser alituita duara, mikono mabegani, akanong'ona mpango kama wafanyavyo kule, na kwa mara ya kwanza tukacheza bila siri yoyote kwa upande wowote. Nikatoka mbio, nikavunja njia kama alivyonifundisha, nikampita mlinzi wangu kwa hatua moja. Kwa kwotabeki hatua moja ni nyingi. Niligeuza kichwa na mpira ulikuwa ndiyo kwanza unatoka mkononi mwake. Niliuona wote, mshono wake na mzunguko wake, ukija bila haraka, na nilikuwa na nafasi ya kumwona Hilal pia, ambaye alikuwa mbali kabisa upande wa pili, akianza kukimbia. Alifika. Aliudaka mbele ya kifua changu kwa upole. Tukarudia mchezo ule ule, kwa Said, ikawa vile vile. Safari ya tatu Nasser aliurusha kwa nguvu zake zote, mpaka tukasikia sauti ikimtoka, na mpira ukaanguka kabla ya kunifikia. Hilal akaenda kuuokota, akampelekea mkononi badala ya kumrushia.

"Pole," akamwambia. "Bega?"

Neno moja! Mimi nilikuwa nimelizunguka miezi yote ile, nimelisomea, nimelikata vipande na kuliunga.

Njiani kurudi tulisimama kwenye mkahawa wa chai barabara kuu ya Azaiba, ule ambao ukipiga honi wanakuletea chai ya maziwa dirishani. Jua lilikuwa bado juu ya milima nyuma ya majumba. Nasser aliuliza kama ile video iko tayari. Nikamwambia iko tayari, ile ya wiki zilizopita. Akaomba simu, akaitazama yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kikombe cha karatasi kikipoa juu ya dashibodi.

"Huyu kijana hatari," akasema.

"Nimeipanga vizuri."

"Umeipanga vizuri sana." Akanirudishia simu. "Ungekuwa wewe ndo kocha, Khalfani, ungenichukua?"

Nilianza kufikiri, kama ninavyofikiri siku zote. Kwamba kila mrusho katika video ile ni wa kweli, hakuna uongo ndani yake. Kwamba bado wiki kadhaa zimebaki na bega linaweza kubadilika. Kwamba mimi si kocha, sijui chochote, nimeanza kudaka mwaka huu tu. Kwamba nikisema ndiyo ataondoka na watamvunja, na nikisema hapana nitakuwa nimemvunja mimi. Yote haya yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa na "lakini" zake, na nilimtazama, akanitazama, hakuwa akinihimiza.

"Nisingekuchukua," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mpira unachelewa."

Akatikisa kichwa polepole. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema. "Daktari ananambia tutaona. Kocha ananambia tutaona. Mama ananambia inshallah. Na wewe, wewe ndo kabisa, mtu akikuuliza saa ngapi unamweleza habari za jua." Akacheka kidogo, lakini hakuwa ananitazama tena. Akatoa simu yake akamwandikia kocha pale pale, akaniomba nimpelekee mechi ya siku ile nzima, pamoja na Hilal, pamoja na ule mpira ulioanguka. Nikapeleka. Jibu lilikuja katikati ya wiki. Hakunionyesha. Alisema tu kwamba kocha ni mtu mwema na ameandika marefu.

Mara nyingi nimejiuliza kama nilikuwa na haki. Nikiwa peke yangu naweza kulitetea jibu langu na naweza kulishtaki, na pande zote mbili zina mawakili wazuri. Ninachokumbuka bila kubishana nacho ni Ijumaa iliyofuata, chakula cha mchana, sinia moja sakafuni katika ile majlis, wali wa nazi na changu wa kupaka. Mipira ya rangi ilikuwa imefunguliwa dirishani. Kwetu mkubwa anayegawa ndiye anayemnyofoa samaki na kumsogezea kila mtu kipande mbele yake, na mkubwa siku ile alikuwa Khaloo Zuwena. Alikuwa hajaanza kugawa Nasser aliposema.

"Mama, sirudi kucheza. Nimeshawaandikia. Nitamalizia masomo hapa."

Nilimtazama khaloo nikitarajia alhamdulillahi. Nilikuwa nimeyasikia maombi yake kwa masikio yangu. Aliweka mkono juu ya wali akauacha hapo.

"Nani kasema huwezi?"

"Mama, mkono..."

"Mkono una nini? Juzi ulinibebea gunia zima la vitunguu toka Mawaleh kwa mkono huo huo! Mtu aliyeshindwa hubeba gunia? Nani kakutia maneno haya?"

Nasser akainama. Aliutazama wali. Mama yangu naye akautazama wali. Ningeweza kunyamaza, na ningenyamaza siku nyengine yoyote ya maisha yangu.

"Mimi, khaloo."

Akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyafuta. "Wewe. Wewe tangu kuzaliwa hujasema neno likaeleweka. Leo ndo umeanza? Kwa mwanangu?"

Kisha akainamia samaki. Akamnyofolea mama yangu, akamnyofolea baba. Akamnyofolea Nasser kipande kikubwa cha tumboni, akakisukuma mpaka kikamgusa vidole. Akajiwekea yeye mkia. Mbele yangu palibaki wali mtupu. Nilianza kuula, nikiutazama, nikifikiri kama niombe radhi na kwa maneno gani. Ndipo nikaona mkono wa Nasser unakuja juu ya sinia. Nilikuwa nimekaa mbali naye, ikambidi anyooshe bega lote, na nikaona uso wake unavyokunjika. Akaweka nusu ya kipande chake mbele yangu.

"Kula," akasema. "Miiba nimeshaitoa."